Pwani ya Magharibi ya Djerba

Wageni waendao kisiwa cha Djerba, katika nchi ya Tunisia, wengi wao hushukia kaskazini-mashariki, ambako mahoteli yamepangana juu ya mchanga wa Sidi Mahrez. Mzazi wa Kiislamu aliyefuatana na mabinti zake hana raha mahali pale. Je, hawezi kuifaidi bahari pasi na kuiacha haya? Sisi tulielekea magharibi, Sidi Jmour. Hapo pana msikiti mweupe uliosimama peke yake ukiikabili bahari, na chini yake miamba na maji matulivu. Watoto wakaoga na nguo zao, wala hapakuwa na mtu wa kuwatazama. Tukaswali laasiri.

Yafaa vijana wajue kwamba misikiti ya pwani ya Djerba haikujengwa kwa ajili ya sala peke yake. Ilikuwa pia macho ya kisiwa, watu wakimlinda humo adui atokaye baharini. Madhehebu ya Ibadhi, yale yale ya Oman na ya Masultani wa Unguja, yamedumu hapa tangu kale, na misikiti yao haina mapambo. Mwaka 2023 UNESCO ilikitia kisiwa hiki katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kwetu pweza huchokolewa miambani. Huko wavuvi huzamisha mitungi ya udongo, ifinyangwayo kijiji cha Guellala, bila ya chambo. Pweza huingia mwenyewe akidhani amepata pango. Mzee mmoja alituonyesha mitungi yake, akatupatia pweza wawili, na fedha akakataa.