MWANGAZA UTOKE KANDO



Katika klasi yetu ya wafinalisti tuko na mwenzetu mmoja aliyetoka vijiji vya Beni. Habari ya kule munaijua: tangu mwezi wa kumi 2014 watu wanauawa, wengine wanakimbia na mikono mitupu. Yeye alibaki na picha moja ya marehemu baba yake. Siku moja alinionyesha. Ilipigwa usiku, flashi ikiwa juu ya aparei. Paji la uso na pua ni nyeupe tupu, macho mekundu, na nyuma ukutani kivuli kikubwa cheusi. Akaniambia, "Doyeni, huyu ni baba, lakini sura yake haiko." Nilikosa jibu.

Tangu siku ile nilianza kuuliza mafundi wa picha hapa Butembo. Walinieleza kwamba kosa haliko kwa flashi, ni mahali inapokaa. Mwangaza ukitoka karibu na jicho la aparei, unaenda sawasawa na kurudi sawasawa: uso unakuwa kama sahani, na damu ya ndani ya jicho inarudisha ule wekundu. Lakini flashi ikisimama kando, hatua mbili hivi, juu kidogo ya kichwa, mashavu yanaonekana na kivuli kinaanguka pembeni. Sisi watu wa kanisa tunajua tangu zamani kwamba taa inatafutiwa mahali pake.

Shida ni hii: flashi inawaka muda mfupi sana, sehemu ndogo tu ya sekunde. Ikiwa mbali na aparei, itajuaje saa ya kuwaka? Kuna njia nne, na hakuna moja ya matajiri peke yao.

Ya kwanza ni kamba. Inaunganisha aparei na flashi. Ni ya bei ndogo, lakini watu wanajikwaa ndani yake. Ya pili ni kijicho cha umeme kinachofungwa chini ya flashi: kikiona flashi ingine inawaka, nacho kinawasha yake. Ni kizuri ndani ya nyumba, kwenye jua kali kinakuwa kipofu, na kwenye harusi kinaitika flashi ya kila mtu. Ya tatu ni radio mbili ndogo, moja juu ya aparei, ingine kwa flashi. Zile za kutoka China zimeshuka bei, na zinapita hata ukuta, lakini zinakula mawe ya tochi. Ya nne ni mkono wa mtu, na ni bure. Hiyo nilijifunza kwa haya.

Kwaya ilinikopesha aparei yake ya dijitali. Mimi nikanunua sokoni flashi ya zamani sana pamoja na kamba. Fundi mmoja wa radio akanionya, "Kijana, pima kwanza volti zake." Nikaona ni maneno ya wazee. Kumbe flashi zingine za zamani zinarudisha volti zaidi ya 200 katika aparei, na aparei zingine za dijitali zilitengenezwa kwa volti chache tu. Ikiwa multimetri inaonyesha chini ya 6, hakuna hofu. Mimi sikupima. Picha tatu zilitoka vizuri. Kwa ya ine, ile sehemu ya kuamuru flashi ikafa kabisa.

Nilirudisha aparei ndani ya mfuko wake na kunyamaza. Juma lote nilinyamaza, mimi ninayeandika majina ya wanaoficha makosa! Halafu wakauliza mtoto mdogo wa klasi ya kwanza anayebebaka ule mfuko. Akaanza kulia. Hapo nikasimama mbele ya kwaya yote, nikasema ni mimi. Mama anayeongoza kwaya aliniangalia, akasema, "Mwanangu, aparei inaniuma. Lakini huyu mtoto, ungemuacha hivi?" Nilifagia sala majuma matatu, na deni ninalipa polepole. Yule mtoto nilimwomba masamaha mbele ya wote.

Aparei ilikuwa bado inapiga picha, ila haiwezi kuwasha flashi. Basi ikabaki mkono. Likizo ya Pasaka, njia ikiwa na utulivu, kwaya ilikubali niibebe tena. Tulishuka na mwenzangu mpaka Beni, kilometa zaidi ya 50 kwa njia ya Maboya, kwa mama yake. Usiku hakukuwa kura. Tuliweka aparei juu ya kiti, kitabu cha nyimbo chini yake, tukaipanga ibaki wazi sekunde mbili. Mama akakaa kimya, tukazima taa. Mimi nabonyeza aparei, mwenzangu amesimama kando na flashi, anabonyeza kile kifungo cha kujaribia. Mara ya kwanza alichelewa: giza tupu. Mara ya pili alikuwa karibu mno, uso ukaungua. Akarudi nyuma: ukizidisha umbali mara mbili, mwangaza unabaki robo. Mara ya tatu uso ukatoka wote, mpaka alama ya kidonda cha utoto juu ya nyusi.

Mama aliangalia muda mrefu. Akasema, "Huyu ni mimi. Mutoe mbili, moja ibaki kule Butembo."

Tulielewa sababu. Hatukuuliza.

Wadogo zangu, wenye kupiga picha za kwaya na za sikukuu: ondoeni flashi juu ya aparei, na mupime volti mbele ya kufunga kamba. Na mukiharibu kitu cha watu, musemeni siku ileile.