Senema za Vita vya Baharini

Katika miaka yetu ya kufundisha Historia pamoja na Kiswahili, mara nyingi tuliwaonyesha wanafunzi senema ya shambulio la Pearl Harbor, la tarehe 7 Desemba 1941, tukawaambia kuwa hivyo ndivyo ilivyokuwa. Manowari ziliwaka moto, ndege zikapita chini chini, wanamaji wakakimbia huku na huko. Darasa zima lilinyamaza, nasi tukaridhika. Kumbe tulikuwa tukifundisha uongo pasipo kujua.

Sehemu kubwa ya tuliyoyaona ilitoka katika filamu iitwayo December 7th, iliyotengenezwa na John Ford na Gregg Toland kwa ajili ya Jeshi la Majini la Marekani. Shambulio lilikuja ghafla asubuhi ya Jumapili, na picha halisi zilizopigwa zilikuwa chache mno. Basi zikaundwa manowari ndogo za mfano, zikateketezwa mbele ya kamera. Filamu ya kwanza ilizuiliwa na wakuu wa jeshi. Ile iliyofupishwa ikatunukiwa Oscar. Baadaye watengenezaji wengine walichukua vipande vyake, wakavitia katika kazi zao kana kwamba ni picha za siku yenyewe.

Wajapani nao walikuwa na yao. Mnamo Desemba 1942 walionyesha filamu ya Kajiro Yamamoto juu ya mapigano ya Hawaii na Malaya, na Eiji Tsuburaya ndiye aliyeijenga bandari ile kwa umbo dogo. (Ndiye huyo aliyeshiriki kuliunda dubwana Godzilla mwaka 1954.)

Je, tuzitupe? Hasha! Ushahidi umo, ila si ule tuliouita ushahidi. Katika filamu ya Kijapani muda mwingi hutumika kuonyesha vijana wakifunzwa utii. Katika ile ya Kimarekani, wanajeshi waliokufa husema nasi, wote kwa sauti moja, kwa kuwa wote, wanavyodai, ni Wamarekani. Miongoni mwao yumo mtu mweusi. Na jeshi lile lile lilikuwa limewaweka weusi katika kazi za kupika na kuandaa meza. Hapo ndipo filamu inaposema kweli bila kukusudia.

Nasi tunao wafu wetu. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Katika senema zote za vita tulizowahi kuonyesha darasani, meli hiyo haimo hata kwa mfano wa ubao. Siku hizi, filamu ya Pearl Harbor inapokwisha, huwasha taa na kuliandika jina lake ubaoni, kisha tukawauliza wanafunzi ni nani mwenye babu aliyepelekwa ng'ambo wakati wa vita.