Baiti 2,048 na Vifaranga vya Chama Chetu

Wengi wenu mlisikia kwamba ile mashine ya Chama cha Sayansi ya kulinda joto la vifaranga ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu. Napenda kueleza ilikuwaje, kwa maana wapo watakaotupa kibao kizima kwa ugonjwa kama huo.

Mashine yenyewe ni kibao cha Arduino Uno. Mchana ilifanya kazi vizuri. Usiku baridi ilipozidi, ikawa yaanza upya kila mara, na taa ikazimika nayo. Vifaranga vitatu vilikufa. Mzee atunzaye kuku akasema, "Wanangu, nirudishieni jiko langu la mkaa." Mwenzangu mmoja alishauri tuagize Kampala kibao cha Mega, chenye nafasi ya kazi mara nne, lakini mfuko wa chama ulikuwa mtupu, nami sikuona haja.

Katika Uno, ghala mbili ndizo zinazotuhusu hapa. Ile kubwa, ya kilobaiti 32, huweka programu, nayo haifutiki umeme ukikatika. Ile ndogo, ambamo hesabu hufanyiwa kazi, ni baiti 2,048 tu! Kompyuta ilipomaliza kutafsiri programu ya vijana wa kidato cha pili, ilitoa taarifa kwamba 1,790 zimekwisha kushikwa kabla ya kazi kuanza. Taarifa hiyo huandikwa chini kabisa, na ni wachache waisomao. Zilibaki 258. Kila baridi ilipoingia, programu iliunganisha maneno marefu ya kutangaza habari za taa. Maneno hayo hupanda kutoka chini ya ghala, na kazi nyingine hushuka kutoka juu, zikakutana. Kibao hiki hakina askari wa kuzuia jambo hilo.

Tulianza na vipimo vya joto. Vilikuwa 480, kimoja kila dakika 3, yaani usiku na mchana, na kila kimoja kilipewa int, ambayo hapa huchukua baiti 2. Joto la vifaranga halifiki nyuzi 100, na byte, ichukuayo baiti 1, hubeba hadi 255. Hata nusu hatukuipoteza: nyuzi 32 na nusu tuliiandika 65. Baiti 480 zikaokoka papo hapo.

Kisha maneno. "Taa imewashwa" ni herufi 12, nafasi moja, na alama ya mwisho: baiti 14. Maneno ya namna hii yote hunakiliwa katika ghala ndogo mashine iamkapo. Ukiyatia katika mabano ya F, hubaki katika ghala kubwa. Hapo tukapata 410. Kuunganisha maneno tukaacha, tukayatuma vipande vipande.

Taarifa ikasema 900. Tangu hapo taa haijazimika ovyo, ingawa mzee bado analo jiko lake karibu.

Sasa vijana wanataka kuongeza kioo cha nukta 128 kwa 64. Kila nukta ni biti 1, basi picha yake peke yake yataka baiti 1,024, na zilizobaki ni 1,148. Hesabu hiyo nimewaachia wao.