Kuhesabu Wanyama kutoka Angani

Tuliondoka Tarime baada ya sala ya alfajiri, tukafika Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, ambako watu na wanyama ni majirani.

Mwaka 1958 Wajerumani wawili, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, waliwahesabu wanyama hao kwa eropleni. Tarehe 10 Januari, 1959, eropleni ya Michael iligongana na tumbusi, naye akafa. Kaburi lake liko Ngorongoro. Siku hizi ziko ndege ndogo zisizo na rubani: hupiga picha, na zikianguka hazimwui mtu aliyezirusha. Ila katika misitu ya kando ya Mto Mara na Grumeti majani huwasitiri wanyama, na hesabu hupunguka. Kamera ionayo joto husaidia, lakini haimalizi kazi.

Mkulima mmoja alitwambia, "Mimi tembo huwahesabu kwa mahindi niliyopoteza." Alhamdulillahi, ndege hizo zimekwisha jaribiwa mipakani mwa Serengeti kuwafukuza tembo mashambani, huenda mvumo wake huwakumbusha nyuki.

Enyi vijana wetu, jifunzeni elimu hii. Wanyama ni amana, na shamba la jirani ni amana pia.