Nilifuta Sauti ya Shosho Nikidhani Naokoa Nafasi

Niliacha chuo mwaka wa pili juu ya karo, na tangu hapo kazi yangu ni podikasti na video. Watu wakiniuliza mambo ya sauti huwa najibu kama profesa. Leo wacha niwaambie kosa la huyo profesa, ndio nyinyi msilirudie.

Miaka mitatu iliyopita nilienda ushago, Nyeri, na rekoda ya kuazima. Shosho alinipigia story karibu saa mbili. Vile wakati wa Hali ya Hatari walitolewa kwa shamba lao wakapelekwa kijiji kilichozungushiwa mtaro. Vile mamake alifunga mbegu za njahi ndani ya nguo ili wasikose cha kupanda siku wakirudi. Katikati mvua ikaanza, mabati yakapiga kelele, na yeye akapandisha tu sauti akaendelea.

Rekoda ilihifadhi kila kitu kama WAV, jumla gigabaiti 1.2. Laptopu yangu ilikuwa imejaa hadi inalia. Nikageuza zote kuwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, zikashuka hadi kama megabaiti 58. Nikasikiza dakika moja kwa spika ya simu, sikuona tofauti, nikafuta WAV. Manze, nilijiona mjanja.

Mwaka jana shosho akatuacha. Shangazi akanipigia: "Si ni wewe ulimrekodi mama? Hebu toa hiyo mvua tumsikie vizuri."

Nikaweka MP3 kwa programu ya kusafisha kelele. Mvua ilipungua kweli, lakini shosho akatoka kama mtu anaongea akiwa ndani ya mtungi wa maji. Hapo ndio nilielewa kitu nilikuwa nimesoma tu bila kukitilia maanani. MP3 hupunguza faili kwa kutupa sauti ambazo inakadiria sikio halitazisikia, hasa zile zimefunikwa na sauti kubwa zaidi. Kwa rekodi yangu, sauti kubwa ilikuwa mvua. Vipande vidogo vya sauti ya shosho vilivyokuwa chini yake ndivyo vilitupwa. Sasa ukitoa mvua, unapata mashimo.

Kwa kuchanganyikiwa nikageuza ile MP3 kuwa FLAC, nikitumaini itarudi. Faili ikanenepa, sauti ikabaki vile vile. Wasee, unga haurudi kuwa mahindi. Kitu kikishatupwa, hakuna fomati ya kukirudisha.

Na FLAC yenyewe haina makosa, ni mimi niliiita nikiwa nimechelewa. WAV ya kawaida haijabanwa kabisa, ndio maana dakika moja ya stereo yenye ubora wa CD (kilohezi 44.1, biti 16) inakula kama megabaiti 10. FLAC, iliyotoka 2001 na ni ya bure, inabana hiyo hiyo sauti mara nyingi hadi karibu nusu, bila kutupa hata biti moja. Ni kama kukunja nguo kwa begi: ukikunjua, zote ziko. Apple nao wana yao, ALAC, tangu 2004, kazi ni ile ile. Kama ningejua kutumia FLAC siku ile, ningeokoa nusu ya nafasi na shosho wote angekuwepo.

Sasa mimi hufanya hivi. Kurekodi na kuhariri, WAV. Kazi ikiisha, nahifadhi FLAC mahali pawili, moja ikiwa nje ya laptopu. Ya kutumia watu au kupakia, natoa nakala ya MP3 au AAC, na ile asili siigusi. Nikitumia mtu rekodi kwa WhatsApp naituma kama dokumenti, kwa sababu ukiituma kama ujumbe wa sauti inabanwa.

Lakini pia usikuwe msee wa kuringa na FLAC. Ukiwa kwa nganya na vile viskia masikio vya bluetooth, sauti inabanwa tena ikitoka kwa simu, na kelele ya barabara inamaliza kilichobaki. MP3 ya kilobiti 320 inatosha kabisa kujiburudisha. Usichome bando bure. Fomati zisizopoteza kitu ni za vitu ambavyo huwezi kurekodi mara ya pili.

Binamu yangu ndiye aliniokoa kidogo. Nilikuwa nimemtumia kipande cha mwanzo, WAV, anitengenezee utangulizi wa podikasti ambayo sikuwahi kuitoa. Yeye hakufuta. Dakika 11, kabla mvua haijaanza. Unasikia shosho akivuta pumzi, unasikia kikombe kikiwekwa mezani.

Shangazi alisikiza mara mbili. Kisha akaniuliza, "Na zingine?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Desemba ukienda ushago, fungua kinasa sauti cha simu yako, ingia kwa mipangilio uangalie kinahifadhi fomati gani. Kama kuna WAV, chagua hiyo. Kisha keti na shosho au guka wako, umwache aongee. Na nafasi ikijaa, futa memes.