Kioo cha simu na hamu ya kujua

Nimepotea kidogo, najua. Niko nyumbani Kaptagat, baridi ya asubuhi ni ile ile na mtandao unakuja na kuondoka. (Kila anayeandika kuhusu Kaptagat lazima amtaje Kipchoge. Haya, nimemtaja, tuendelee.)

Juzi mpwa wangu, yuko gredi ya 8, alinijia mbio na simu ya mama yake. "Mjomba, tazama! Siku 41 sijakosa!" Ilikuwa programu ya hisabati tuliyoitengeneza kazini. Kile kimoto kinachohesabu siku, msimbo wake niliuandika mimi. Nikavimba kichwa. Nikamwuliza: hasi mara hasi, kwa nini inakuwa chanya? Kimya. Kumbe kila jioni hufungua kiwango cha kwanza kabisa, anajibu maswali matatu ambayo ameshayakariri, moto unawaka, anafunga.

Sikuweza kumkaripia. Alifanya kile kile nilichomwagiza. Msimbo wangu unauliza kama amefungua, hauulizi kama ameelewa.

Sisi waandika programu tunayajua haya siku nyingi. B.F. Skinner alionyesha kwamba njiwa anayepata punje kwa kubahatisha hudonoa bila kuchoka. Aza Raskin alibuni ule ukurasa usio na mwisho mwaka 2006, na baadaye akajuta hadharani. Mimi nilisoma hayo yote chuoni, nikafaulu mtihani, kisha nikaenda kuchora kimoto.

Kiswahili kina hamu na kina tamaa. Tunasema hamu ya kusoma. Ukisema tamaa ya kusoma watu watakutazama mara mbili. Plato, katika kitabu chake kuhusu karamu, anaeleza kwamba mjinga hatafuti hekima kwa sababu hahisi kwamba ameikosa. Kujifunza kunaanzia kwenye pengo. Na kazi yangu, nikisema kweli, ni kuliziba pengo hilo kabla halijauma.

Basi tukazima simu, tukachukua karatasi. 3 mara -2 ni -6. 2 mara -2 ni -4. 1 mara -2 ni -2. 0 mara -2 ni 0. Sasa -1 mara -2? Akanyamaza kitambo kirefu, nami mdomo ukaniwasha nimpe jibu. Nikajizuia.

"Inapanda kwa mbili mbili! Ni 2!"

Halafu, nikiwa bado natabasamu: "Lakini Mjomba, nani aliamua kwamba lazima iendelee hivyo?"

Hapo sikuwa na jibu la haraka. Tulikaa na swali hilo mpaka chai ikapoa, na mama yake akaja kuuliza kama simu imeharibika.

Jumatatu nitapendekeza kazini kwamba kimoto kiwake tu mtoto akipata swali alilolikosa jana. Mkubwa wangu atauliza idadi ya watumiaji wa kila siku itashuka kwa kiasi gani. Itashuka, na nitamwambia hivyo.