Fidla ya babu ina bei, lakini si ile ya kwenye karatasi

Wasee, leo tuongee pesa za marehemu. Nyumba nyingi hapa Kenya zina kitu fulani juu ya kabati ambacho familia nzima inaamini kina mamilioni ndani. Kwenu inaweza kuwa saa ya ukutani, gramafoni, redio ya mbao. Kwetu ilikuwa fidla.

Fidla ndiyo hiyo mnaita vayolini. Na msiniambie ni ya wazungu peke yao. Watu wa taarabu Mombasa na Zanzibar wameipiga miaka na mikaka, pamoja na udi, ganuni na dumbaki. Babu mzaa mama aliipiga kwenye harusi za Mji wa Kale mpaka vidole vikagoma. Hakuacha shamba wala ploti. Aliacha fidla, upinde wake, na kaseti tele kwenye mfuko wa nailoni.

Sasa, ukichungulia kwenye tundu lake la kushoto, ndani kuna karatasi imebandikwa: Antonius Stradivarius, Cremona, na mwaka unaoanza na 17. Mjomba akalitafuta jina hilo kwenye simu, akakutana na fidla inayoitwa Lady Blunt iliyouzwa 2011 kwa karibu dola milioni 16. Manze, siku hiyo alishanunua matatu mbili kichwani. Mimi hesabu yangu ilikuwa fupi: dadangu alibakisha karo ya 38,500, na chuo kilimwambia asipomaliza salio hafanyi mtihani.

Ukweli ni huu. Stradivari alifariki 1737. Vyombo vyake vilivyobaki duniani ni mamia tu, na vingi vinajulikana kimoja kimoja, vina hadi majina kama watu. Lakini fidla zenye karatasi ya jina lake ni maelfu kwa maelfu, kwa sababu viwanda vya Ujerumani, Bohemia na Ufaransa vilibandika jina hilo kuonyesha umbo walilofuata. Mnunuzi wa zamani alijua hivyo. Wajukuu ndio hawakuambiwa. Yetu chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa "Made in Germany". Uingereza ilitunga sheria ya alama za bidhaa 1887, ya Marekani ikaanza kazi 1891, na ndipo maneno ya aina hiyo yakaenea kwenye bidhaa. Fundi wa Italia wa mwaka 1700 na kitu angeyaandika ya nini?

Broka wa kwanza alipokuja, haya yote aliyajua. Akacheka, akasema karatasi ni feki, nawapa elfu nane. Alafu akaongeza, "Na huu upinde nitaubeba tu, hauna kazi." Hapo ndipo nilifunga sanduku. Kama hauna kazi, mbona unaubeba? Kumbe upinde huuzwa peke yake, na kuna wakati unaipita fidla yenyewe kwa bei, hasa ukiwa na muhuri wa aliyeutengeneza karibu na pale pa kushikia.

Msimamo wangu ni kwamba anayekuthaminia kitu asiwe ndiye anayetaka kukinunua. Nililipa elfu mbili kwa fundi wa Nairobi ambaye hanunui, anatengeneza tu. Karatasi hata hakuisoma. Alimulika tochi ndani kutafuta ufa pale kijiti cha ndani kinaposimama, maana ufa wa hapo huangusha bei vibaya. Akaangalia kama ule mstari wa pembeni ni mbao iliyopachikwa au umechorwa tu kwa wino. Yetu imepachikwa, na ufa haukuwepo. Ubavuni palikuwa na gundi ya seremala, kazi ya babu mwenyewe, hiyo ikapunguza kidogo. Akasema fidla elfu arobaini na kitu, upinde kama elfu ishirini. Na akatuonya tusipake chochote. Mjomba alikuwa na mkebe wa vanishi tayari kwenye gari, haki ya nani.

By the way, kama chenu ni udi, zumari au ngoma ya zamani sana, ulizeni tarehe kwanza. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inahesabu vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa vya kale, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali.

Kuna watakaosema kuuza urithi ni laana. Sawa, lakini fidla ikikaa kwenye sanduku gundi inaachia na wadudu wanakula nywele za upinde. Nyanya, ambaye ndiye mwenye mali hasa, alituambia, "Uzeni, wajukuu zangu. Lakini msimpe mtu atakayeitundika ukutani."

Tulimkataa wa pili kwa sababu hiyo, alitaka pambo la hoteli. Wa tatu alikuwa msichana anayefunza watoto muziki Eastlands. Aliipiga dakika kumi bila kuongea, akatoa 42,000 kwa M-Pesa mara mbili. Upinde wake anao, kwa hivyo wa babu bado tunao, unasubiri mtu. Kaseti Nyanya amegoma kuziachilia hata nizinakili.

Karo ililipwa Ijumaa. Zile 3,500 zilizobaki alipewa mjomba, na mpaka leo anaambia watu tuliuza Stradivarius kwa bei ya simu.